Kikundi cha afya ya akili si mahali pa kulizana

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Igombe, Mwanza. Naongoza kikundi cha afya ya akili chenye watu 14: wengine wametoka wodini na wanaendelea na sindano ya kila mwezi, wengine wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Tunakutana Jumatano saa mbili asubuhi. Kwanza kila mmoja anaeleza yaliyomsibu, halafu tunasuka mikeka. Mwezi uliopita mama mmoja alisimulia mumewe alivyozama ziwani, akalia hadi akaishiwa nguvu. Hajarudi. Sasa wanaokuja ni watano tu. Mwezeshaji aliyetutembelea kutoka mjini anasema tuongeze muda wa kusimulia, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Niwafanyeje wanaokaa kimya?

Jibu: Dada yangu, wanaokaa kimya waache wakae kimya. Anayekuhitaji leo ni yule mama. Nenda kwake wewe mwenyewe, bila kikundi, na usimrudishe kwenye habari za ziwa. Muulize usingizi ukoje, anakula, watoto wanaangaliwa na nani, kisha muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Akikubali, na hasa akiwa ameshapanga atatumia nini, asiachwe peke yake: ndugu akae naye, vitu hivyo viondolewe nyumbani, apelekwe siku hiyohiyo hospitali ya Sekou Toure au Bugando.

Sasa huyo mwezeshaji. Imani kwamba maumivu ni usaha, ukiyakamua yanaisha, imeharibu vikundi vingi. Mtu anayesukumwa kusimulia tukio la kutisha mbele ya watu, mwili wake unalipitia upya: moyo unakwenda mbio, pumzi inabana, usiku halali. Kisha anarudi mtaani akijua majirani wote wameshasikia. Na wale 13 waliomsikiliza wana misiba yao, nayo imetoneshwa. Wengi wa waliokukimbia, sababu ndiyo hiyo. Methali aliyokutajia inamhimiza mgonjwa atafute tiba, haimruhusu yeyote kumfunua mwenzake kadamnasi. Simulizi za namna ile zina mahali pake: mgonjwa na mtaalamu aliyesomea, wawili tu, kwa mwendo anaouchagua mgonjwa.

Ng'ambo ya ziwa hilihili, Masaka na Rakai nchini Uganda, vikundi vya watu wenye sonona vilifanyiwa utafiti uliochapishwa 2003. Walikutana mara moja kwa wiki, wiki 16, dakika 90 kila kikao, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa. Sonona ilipungua sana kuliko kwenye vijiji visivyokuwa na vikundi. Walichoshughulikia ni tatizo la sasa: msiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha, na kila mmoja aliangalia ni nini anaweza kukifanya tofauti.

Kwako, gawa kikundi. Watu 14 ni wengi kwa kiongozi mmoja. Sita hadi wanane wanatosha. Wenye sonona wawe na kikao chao. Waliotoka wodini karibuni, ambao mawazo bado hayajatulia, hawawezi kubeba mazungumzo ya machungu. Hao waanze na kazi ya bega kwa bega: kila mtu na chake, wewe ukiwa karibu. Mikeka siyo kazi nzuri ya kuanzia. Haloperidol, mojawapo ya dawa za kutuliza mawazo wanazotumia, huleta mikono inayotetemeka na miguu isiyotulia, na mtu akishindwa kushika ukili mbele ya wenzake, wiki ijayo haji. Chukua dagaa wakavu, robo kilo kwa kila mmoja, kila mtu na ungo wake, atoe mchanga, konokono na furu, wale visamaki wengine waliochanganyika. Wakizoea, baada ya wiki tatu au nne, wawili washike ungo mmoja. Hapo wataanza kuombana, kusubiriana na kukosoana bila ugomvi, na hiyo ndiyo tiba kwa vitendo, hata kama mpita njia anaona watu wanachambua dagaa. Kaeni kivulini, maana anayetumia dawa ya chlorpromazine ngozi yake huungua upesi juani. Mkitumia visu, vihesabu kabla na baada. Sabuni ya kupika kwa kostiki soda msiiguse kabisa.

Kikao cha wenye sonona kigeuze: kazi kwanza, maneno baadaye. Katika dakika 90, kumi za salamu na kueleza tunafanya nini na kwa nini, thelathini za kazi, arobaini za mazungumzo, kumi za kufunga. Maswali yatoke kwenye kazi yenyewe. Ulikwama wapi? Ulimwomba nani msaada, au ulinyamaza? Nyumbani unakwama hivyo lini? Utajaribu nini kabla ya Jumatano? Hili la mwisho ndilo viongozi wengi hulisahau, na kikao kinabaki kuwa soga. Mtu akianza kuzama kwenye simulizi zito, mkatize kwa upole: "Asante, tuishie hapa kwanza." Akanyage chini kwa nyayo zote mbili, ataje vitu vitano anavyoviona, na msaidizi wako akae naye mpaka atulie. Asirudi nyumbani peke yake.

Muda nao haufai. Saa mbili asubuhi wanawake wanaanika dagaa waliotua alfajiri, na waliomeza dawa usiku bado wana usingizi. Wavuvi, siku ambazo usiku hauna mwezi, wako ziwani na hutawaona kabisa. Wapangie wakati wa mbalamwezi.

Ninachowaomba wote wanaoongoza vikundi kando ya ziwa: wachunguzeni wanaojitokeza kama washauri kila penye msiba. Tunajua kuzama kwa meli ya MV Bukoba 1996 na kivuko cha MV Nyerere 2018. Baada ya ajali kama hizo, mfiwa anahitaji maji, chakula, taarifa za kweli kuhusu ndugu zake na mtu wa kukaa naye. Kumkusanya na wenzake asimulie kwa lazima ni jambo ambalo Shirika la Afya Duniani linashauri lisifanywe. Anayekuja na cheti cha semina ya siku tatu muulize: umesomea nini, nani anakusimamia, na mtu akizidiwa Ijumaa usiku utampeleka wapi? Akiwaambia wagonjwa waache sindano kwa sababu "wamefunguliwa" kwa maombi, mtoe kikaoni saa hiyohiyo na utoe taarifa kituo cha afya, kisha wapitie wanakikundi nyumba kwa nyumba uangalie nani amekosa dozi ya mwezi huu.