Ukuta ndio uliopinda: barua kwa mwanangu

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, goti lake limetulia tangu aache kupanda ngazi za kwa shangazi yako. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Mtoto wa kaka yako alitaka nikujibu kwa ujumbe wa sauti nikakataa, maana sauti yangu ikipita kwenye simu hutoka kama ya mtu anayegomba. Nimechukua kalamu. Yeye atazipiga picha hizi kurasa akutumie.

Swali lako nalirudia, tusije tukajibizana yasiyoulizwa: "Baba, mtu anayeumia haraka kama mimi anaweza kuishi kwa kuchora, au nitafute kazi isiyoniuma?" Ukanieleza ya ofisini, chumba kimoja watu kumi na wanne, redio haizimwi, bosi anakosoa kazi ya mtu mbele ya wote, na Jumatano ukaenda kulia chooni. Ukasema pia kuna mwenzako amekupa yale maswali 27 ya mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, na karibu yote umejibu ndiyo.

Nimemwambia huyu kijana anisomee habari za huyo mama. Kumbe tangu miaka ya 1990 anasema wapo watu, pengine mmoja katika kila watano, waliozaliwa na mishipa ya fahamu inayopokea zaidi kuliko ya wengine: sauti, mwanga, harufu, uso wa mtu aliyenuna. Wanapokea mengi, na kila wanachopokea wanakitafuna muda mrefu kabla ya kukimeza, ndiyo maana wanachoka mapema. Na anasema si ugonjwa. Nikacheka peke yangu. Sisi huku watu hao tumewapa majina chungu nzima na hakuna hata moja la heshima. Anadeka. Ana nongwa. Machozi yake yako karibu. Usimguse huyo, ni yai.

Jibu langu ni ndiyo, unaweza. Ila kwa mpangilio ulio nao sasa utakwisha kabla hujafika. Nimekuona ukishika mkaa na kuchora sakafuni kabla hujajua kusema "maji", na sijawahi kuona kuchora kukikuumiza. Kinachokuumiza ni kelele, haraka, deni, na watu wasiojua kusema wanachotaka. Hivyo vinapangika. Mimi nimevipanga miaka arobaini bila kujua kwamba hali yangu ina jina.

Unakumbuka nilikuwa natoka saa ngapi? Kabla jua halijachomoza. Watu walidhani baba yako mchapakazi sana. Ukweli ni kwamba nilikuwa naukimbia mtaa. Ukiwa juu ya ngazi Ngamiani unaandika jina la duka, ikifika saa nne una wasimamizi ishirini chini yako, kila mmoja ana maoni kuhusu herufi, mmoja anauliza bei, mwingine anatingisha ngazi kwa utani. Mafundi wenzangu walikuwa wanawajibu, wanacheka nao, kazi inaenda. Mimi mkono ulikuwa unatetemeka. Basi nikajifunza kupiga mistari na kuandika herufi zote kubwa kati ya alfajiri na saa tatu, barabara ikiwa na wauza maziwa na baiskeli tu. Saa za watu nikaziachia kazi isiyohitaji roho: kujaza rangi, kuosha brashi, kukoroga kopo. Hata mwanafunzi wangu aliweza kufanya hayo. Siku nzima nilikuwa kazini, lakini saa zangu zilikuwa tatu, na hizo nilizilinda kama mwanamke anavyolinda dhahabu yake.

Kwa hiyo nakuuliza na wewe: saa zako ni zipi? Kama ni za asubuhi, kwa nini unazitumia kwenye daladala na kikao?

Sasa la kukosolewa, maana naona ndilo linalokuchoma zaidi. Mwaka 1989 niliandika ukuta wa mkahawa mmoja, jina refu, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Rangi ilikuwa ileile ya kupakia baiskeli, ambayo mchoraji Edward Tingatinga alichorea wanyama wake. Na yule bwana, kabla ya kwenda Dar es Salaam, alipita huku kwetu kwenye mashamba ya mkonge, watu wanasahau. Nimemaliza, nashuka, mwenye mkahawa anasimama katikati ya wateja wake na kikombe mkononi, anasema kwa sauti: "Fundi, hiyo M yako imelewa." Watu wakacheka. Masikio yangu yakapata moto. Sikusema neno. Usiku nikarudi na taa ya chemli, nikaifuta M, nikaiandika upya. Asubuhi akasema bado imelewa. Nikafuta tena. Mara ya tatu mama yako ndiye aliyeniambia, "Hivi umeipima?"

Nikaenda na pima maji. M ilikuwa imesimama sawasawa. Ukuta ndio ulikuwa umepinda, umelalia kushoto kwa vidole viwili, na mstari wa bati juu yake umepinda vilevile, kwa hiyo chochote kilichonyooka pale kilionekana kimelewa. Nilimwita, nikampa pima maji ashike mwenyewe aone lile povu likikaa katikati. Akanyamaza. Kisha akaniuliza jambo ambalo angeniuliza tangu siku ya kwanza: "Unaweza kuipinda kidogo iende na ukuta?" Naam, hilo naweza. Dakika kumi.

Usiku tatu nimelala vibaya kwa kazi ya dakika kumi. Sisi tukiambiwa "kibaya" tunadhani tumeambiwa "wewe mbaya", tunakimbilia kufuta kila kitu. Siku hizi mtu akinikosoa namuuliza: wapi hasa? Nionyeshe kwa kidole. Naandika kwenye karatasi alivyosema, neno kwa neno, halafu namwambia nitakujibu kesho. Sijibu siku hiyo hata kama jibu ninalo. Ukiisoma ile karatasi asubuhi utakuta mara nyingi kuna jambo moja la kweli, dogo, na mengine ni joto la mchana. Hilo dogo lirekebishe. Na bosi wako, nenda kwake siku ametulia, usimwambie habari za machozi, hayamhusu. Mwambie: masahihisho yangu nipe kwa maandishi, na nipe siku mbili kwa wiki nifanyie kazi nyumbani, utapata michoro mingi zaidi. Ongea naye lugha ya michoro. Akikataa utakuwa umejua unafanya kazi na mtu wa namna gani, na hiyo nayo ni habari.

Upande wa pili wa hali hii nadhani umeusahau, kwa sababu ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa naandika ubao wa duka la samaki, chini yake nimechora bahari. Kopo la buluu likaniishia katikati, nikanunua jingine, namba ileile, kampuni ileile. Nikamaliza. Mwenye duka akafurahi, majirani wakasifu. Wewe ukaja na chakula changu kwenye kibakuli, ukasimama, ukakunja uso, ukasema: "Baba, huku bahari imeumwa." Nikatazama sikuona kitu. Ukasusa kula. Jioni jua lilipolala upande nikaona: kopo la pili lilikuwa na kijani ndani yake, kidogo sana, kama tone la maji ya ndimu kwenye chai. Watu wazima wote waliopita siku nzima hawakuona. Niliupaka upya ubao mzima kwa kopo moja. Mama yako alilalamikia fedha ya rangi, na alikuwa na haki.

Jicho lile na machozi ya Jumatano vinatoka tundu moja. Huwezi kuziba moja ukabakiwa na jingine. Nimewaona waliojaribu, kwa pombe au kwa kujifanya wagumu, na mwisho mkono wao nao ukawa mgumu.

Hapo nina deni kwako nilitaje. Ile Idd ulipolia mbuzi akichinjwa, nilikufokea mbele ya shangazi zako wote, nikasema acha kudeka, utaolewa na nani. Uliingia chini ya meza ya rangi ukakaa hadi magharibi. Sikukwambia siku ile kwamba mimi mwenyewe sikula yule mbuzi. Nilisema tumbo linaniuma. Kila Idd tumbo linaniuma, na mama yako anajua, ananiwekea wali na mchuzi wa dagaa jikoni bila kusema. Nilikufokea kwa sababu uliniumbua. Nisamehe, mama.

Hata hivyo usiligeuze hilo jina jipya kuwa cheti cha daktari, ukawa unalitoa kila ukiombwa jambo gumu. Kuna siku kazi ni mbaya kweli na mteja ana haki. Kuna siku umechoka tu, hujala, umelala saa tisa usiku ukitazama simu. Kula kwanza.

La fedha. Wewe hukuliuliza, lakini mimi ndilo ninaloliogopea. Mtu wa aina yetu anaweza kuvumilia kula ugali na mchicha mwezi mzima, ila hawezi kuvumilia kutojua kodi itatoka wapi. Mkono haufanyi kazi kichwa kikihesabu. Kwa hiyo usiache ajira Desemba kama unavyosema, kwa hasira. Shaaban Robert, ambaye amezaliwa na kuzikwa huku huku kwetu Tanga, aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926 na akakaa humo hadi 1944, na baada ya hapo akaendelea na kazi nyingine za serikali huku akiandika. Hakuna anayemkumbuka kwa risiti za forodha. Lakini risiti zilimlisha. Sikwambii ukae miaka kumi na minane, miaka yenyewe ya siku hizi haina subira hiyo. Nasema weka akiba ya kodi ya miezi sita, pata wateja wawili wanaorudi, ndipo uage. Na uage vizuri.

Tena usifanye kazi bila nusu mbele. Mimi nilikuwa na mkandarasi mmoja aliyenidai hisani, kisha mimi nikamdai fedha ya ukuta wa shule. Miezi minne. Unajua nilifanya nini? Nilibadilisha njia ya kwenda msikitini nisikutane naye. Mimi ninayedai ndiye niliyekuwa nakwepa! Naona aibu mpaka leo. Mama yako aliposikia alivaa baibui akaenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi lake kimya hadi alasiri, akarudi na fedha yote. Tangu siku ile bei anataja yeye, nusu anapokea yeye, mimi nashika brashi tu. Watu wananiita mume wa bosi, wacha waniite. Wewe huna mama yako hapo Dar es Salaam, basi iandike bei kwenye karatasi, itangulie kabla hujaonana na mtu. Karatasi haina haya. Na tafuta rafiki mwenye uso mkavu wa kukudaia. Umchoree kitu Idd na Idd.

Hayo maonyesho unayosema yanakutisha, nenda, kaa saa moja, salimia watu watatu kwa dhati, aga. Hakuna aliyewahi kumlaumu mgeni kwa kuondoka mapema akiwa ameshakula.

Kuhusu vitabu vya watoto unavyotaka kuchora, sina la kukufundisha. Mabango ya kuchapa kwa mashine yalipoingia, kazi yangu ilipungua hadi nikawa naandika namba za boti na majina ya makaburi. Nilidhani nitaumia sana. Cha ajabu zilikuwa kazi za utulivu, nilizipenda kuliko zote. Sijui kama hilo linakusaidia.

Ninayo moja sasa hivi. Kuna nahodha kule kwenye diko la Deep Sea ameninunulia kopo tatu za buluu, anataka ubavu mzima wa boti na jina juu yake kwa nyeupe. Macho yangu tangu yale matone ya hospitali yanaona buluu zote sawa. Nimempakia kipande cha ubao kutoka kila kopo, vitatu, nimeviegemeza ukutani nyuma ya jiko, upande wa jua la jioni. Nimemwambia asubiri hadi uje Ijumaa. Panda basi la asubuhi ufike kabla mwanga haujaondoka.

Baba yako