Maswali yenu: somo lililojaa, pointi za klasta na nywila mnazoacha saiba

*Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko chuoni Marekani. Somo alilotaka limejaa, yuko wa saba kwenye orodha ya kusubiri. Atapata? (Mama, Langoni, Lamu)*

Marahaba. Huenda. Mwanafunzi aliyesajiliwa akijitoa, au akifutwa kwa kutolipa karo, anayefuata kwenye foleni huingia. Vyuo vingine humwingiza moja kwa moja, vingine humtumia baruapepe na kumpa muda mfupi wa kukubali. Asipoifungua, imekwenda kwa wa nyuma yake. Saa zikigongana na somo jingine alilokwisha kusajili, mfumo huweza kumruka.

Lakini kubwa zaidi hukuniuliza, mama yangu. Ikiwa yuko kule kwa viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, na anasomea shahada ya kwanza, sheria inamtaka awe na krediti (vipimo vya uzito wa masomo) zisizopungua 12 kila muhula, na somo la kusubiri halihesabiwi. Mwenye 9 mkononi na 3 kwenye foleni ana 9 tu, na viza yake iko hatarini. Mpigie leo. Asajili somo jingine lenye nafasi, kisha aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

*KUCCPS nayo ina orodha ya kusubiri? (Maweni, Malindi)*

Bodi hiyo inayowapanga wanafunzi vyuoni Kenya haina. Nafasi zilizobaki hutangazwa, nawe unaomba upya.

*Kozi ilitaka C+, nami nina C+. Mbona nimeachwa? (Mokowe)*

Swali hili naletewa kila mwaka, na kila mwaka nalijibu. Someni! C+ ya mtihani wa kidato cha nne inakuruhusu kuomba shahada, basi. Nafasi hugawanywa kwa pointi za klasta, yaani alama zinazotokana na masomo yanayohusiana na kozi, kuanzia aliye juu mpaka ziishe. Ile alama ya mwaka jana mnayoiona tovutini ni ya mwanafunzi wa mwisho aliyeingia; mwaka huu inaweza kupanda. Ukiomba uuguzi, chini yake weka kozi ambayo pointi zako zinaipita mbali.

*Nimelipa karo yote, jina langu halimo kwenye orodha ya mtihani. (Mwanafunzi, Kilifi)*

Huenda hukusajili yuniti, yaani masomo ya muhula. Karo ni jambo moja, yuniti ni jingine, na husajiliwa kila muhula. Nenda idarani kesho asubuhi na risiti zako.

*Kijana wa saiba (duka la intaneti) alinijazia maombi ya KUCCPS, nimepangiwa kozi nisiyoijua. Nifanyeje? (Barani, Malindi)*

Dirisha la uhamisho likifunguliwa, omba. Pointi zako lazima zifikie alama ya kozi unayoitaka, na iwe ina nafasi.

Inaniuma hii, kwa sababu nimeiona. Kwenye saiba moja hapa Malindi kulikuwa na daftari la mraba juu ya kaunta: namba za indeksi za watoto, na mbele ya kila moja nywila yake, kwa wino mwekundu. Limefunguliwa wazi, anayekuja kutoa kopi analisoma. Yeyote kati yao angeweza kuingia akabadilisha chaguo la mtoto wa mtu usiku wa kuamkia kufungwa kwa maombi. Na mwingine anatozwa pesa za ziada aahidiwe kwamba "atasukumiwa" nafasi. Hakuna wa kukusukumia, ni wizi.

Kama huna simu ya kuombea mwenyewe, azima ya mjomba. Kaa nayo mwenyewe, soma jina la kozi na la chuo neno kwa neno kabla ya kutuma, kisha ubadilishe nywila kabla ya kuirudisha.