Maswali na majibu: Kiti mwendo cha umeme kikiwa kimesimama

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza juu ya mwendo, kana kwamba kiti mwendo cha umeme ni pikipiki yenye mito. Wasomaji wa siku nyingi wanaujua msimamo wangu: wa kuogopwa zaidi ni wakati kiti kimesimama, yaani wakati wa kukipanda, kukishuka, kukichaji, kukibeba na kukisukuma, kwa sababu hapo ndipo kila aliye karibu hujiona fundi.

Shemeji ametuletea kiti cha umeme kutoka Marekani. Tulipochomeka chaja, ikatoa moshi. Je, tumepewa kiti kibovu? (Msomaji wa Kiborloni, Moshi)

Kiti huenda ni kizima kabisa. Kilichokufa ni chaja, na mmeiua ninyi. Swali hili nimelijibu hapa mara nyingi mno, nami nalijibu tena kwa sababu bado watu wanaamini kwamba kununua adapta ya plagi dukani kunatosha. Adapta hubadili umbo la plagi, haibadili umeme. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120, wetu ni volti 230, na chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya ule wa kwanza haiwezi kuuhimili wa pili. Kabla ya kuchomeka chochote, someni kibandiko cha chaja. Kikisema 100 hadi 240, chomekeni bila wasiwasi. Kikitaja 115 au 120 peke yake, tafuteni chaja nyingine inayopokea umeme wetu, inayotoa volti 24 kama viti vingi vinavyohitaji, na iliyotengenezwa kwa aina ya betri mliyo nayo. Chaja ya betri za risasi haifai kwa betri za lithiamu, hata kama plagi zinaingiliana.

Hamkuniuliza, lakini nitasema: kiti hicho kilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine. Kikiwa kipana mno, mtumiaji ataegemea upande mmoja na mkono wake utaichezea joistiki, yaani kijiti cha kuendeshea kiti, bila yeye kukusudia. Vikanyagio vikiwa juu mno, uzito wote utakaa makalioni na vidonda vya mgandamizo vitafuata. Ninyi mnaishi Moshi, mji wenye chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, ambacho kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981. Sioni sababu ya mtu wa Kiborloni kukalia kiti ambacho hakijaangaliwa na mtaalamu.

Ni kasi gani inayofaa ndani ya Soko la Kilombero? (Msomaji wa Ngarenaro, Arusha)

Kasi ya bibi anayechagua nyanya. Na wewe ukifika kwenye nyanya, zima kiti kabisa, maana kikapu cha mpita njia kikiigusa joistiki utaingia kwenye meza ya muuzaji.

Betri ikiisha tukitoka hospitali ya KCMC, mdogo wangu huachia leva mbili za kwenye mota na kumsukuma mama kuteremka kuelekea mjini. Anasema kiti huwa chepesi sana. Kuna ubaya? (Msomaji wa Shanty Town, Moshi)

Upo, na wepesi huo ndio ubaya wenyewe. Kiti cha umeme hakina breki ya kukanyaga. Dereva anapoiachia joistiki ikarudi katikati, mota hupunguza mwendo, kisha breki za sumaku hubana na kukishikilia kiti mahali pake. Hata umeme ukikatika ghafla, breki hizo hubana zenyewe. Leva zikiachiliwa, kinga hiyo yote huondoka. Kinachobaki ni chombo ambacho mara nyingi kina uzito wa zaidi ya kilo 50, na vingine hupita 100, ongeza uzito wa mama, katika mji ambao barabara zake karibu zote kutoka upande wa mlima huteremka. Mdogo wako akikanyaga kokoto akateleza, hakuna kitu kingine duniani kinachomshika mama.

Leva huachiliwa mahali tambarare tu, kwa umbali mfupi, kiti kikiwa kimezimwa na msukumaji akiwa ameshika kabla ya kuziachilia. Wakifika, zirudishwe kwanza ndipo mikono itoke. Kwenye mteremko zibaki zimefungwa, na gari litafutwe. Betri isiyoweza kumrudisha mama nyumbani ni ya kuchunguzwa wiki hii, na umbali unaoandikwa kwenye kijitabu cha kiti hupimwa mahali tambarare, si kwenye milima yetu.

Kwa kuwa tumemtaja mama: anapohamia kitandani au kwenye gari, kiti kizimwe kabla hajanyanyuka. Pindo la kanga au mkono wa sweta ukinasa kwenye joistiki wakati amesimama nusu, kiti kitaondoka bila yeye. Jambo hili ni dogo kiasi kwamba watu huona aibu kukumbushana, nami sioni aibu.

Je, simu yaweza kukifanya kiti kiende chenyewe? (Msomaji wa Majengo, Moshi)

Viti vya kisasa vimekingwa dhidi ya mawimbi ya simu kwa kiasi kikubwa. Mimi naogopa zaidi dereva anayesoma ujumbe huku akiendesha.

Fundi ameniambia betri moja ya kiti imekufa, niweke ya gari kwa sababu ni rahisi kupatikana. Pia, umeme ukikatika, huwa natoa waya kwenye betri moja kuwasha taa. (Msomaji wa Sakina, Arusha)

Mambo mawili, na yote mawili hapana. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, halafu ijazwe upya. Ya kiti imeundwa kutoa nguvu kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukiifanyisha ya gari kazi hiyo itachoka mapema, na kama ni ile ya kujazwa maji, kiti kikiinama asidi itamwagika chini ya makalio yako. Betri za kiti hununuliwa mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja, kwa kuwa zimeunganishwa kwa mfululizo na iliyo dhaifu huivuta mwenzake.

Taa yako nayo ndiyo huenda imeiua hiyo betri. Ukichota umeme kwenye betri moja kati ya mbili, chaja haitambui. Inajaza zote kama pacha, moja inajazwa kupita kiasi na nyingine haijai kamwe. Nunua taa ya sola. Kiti chako chaji kila usiku ulipokitumia, mbali na jiko la mkaa, kwenye chumba chenye hewa, kwani betri za risasi huweza kutoa haidrojeni zinapochajiwa. Wala usikiweke mbele ya mlango unaoutegemea kutokea.

Kiti kinavuta kushoto. Nimezoea kuisukuma joistiki kulia kidogo. (Msomaji wa Kijenge, Arusha)

Acha mazoea hayo. Pima upepo wa matairi yote mawili makubwa, kisha toa nyuzi na nywele zilizojiviringisha kwenye magurudumu madogo, kisha hakikisha leva zote zimefungwa sawasawa. Kumbuka pia kwamba barabara zetu zina mgongo, hivyo pimia sakafuni, si kando ya lami. Kikiendelea, fundi aangalie kaboni za mota. Na akitaka kuchomelea fremu, betri na kisanduku cha umeme vifunguliwe kwanza, la sivyo utarudi na fremu imara na kiti kisichowaka.

Mvua za masika? (Msomaji wa Njiro, Arusha)

Funika joistiki kwa mfuko wa nailoni, na ukisikia radi kaa nyumbani.

Pasipo na njia ya miguu nipite upande gani, na mitaro niivuke vipi? (Msomaji wa Usa River)

Pita kulia, ukitazamana na magari, kama mtembea kwa miguu yeyote. Weka kibendera kirefu nyuma ya kiti na viakisi mwanga pande zote, kwa sababu dereva wa lori anaangalia juu ya kichwa chako, na mwenye bodaboda haangalii popote. Kalavati na mifuniko ya mitaro ivuke kwa kuielekea moja kwa moja. Ukienda mshazari, gurudumu dogo litazama na kiti kitapinduka. Mwinuko nao uupande moja kwa moja, ukiinamia mbele, bila mzigo ulioning'inizwa nyuma ya kiti. Mkanda wa kiunoni ufungwe hata kama safari ni ya kuvuka barabara tu.

Wenye maduka, ambao Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 mmeisikia: njia ya mserereko hujengwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kimo huhitaji sentimita kumi na mbili za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 zinahitaji mita 5.4 za mserereko, si ubao ule mnaouegesha mlangoni mkaguzi akija.