Ukianza The Story of Minglan, mapenzi yasubiri kwanza

Mtu akiniomba tamthilia ya Kichina ya mapenzi ya enzi za kale, namtajia The Story of Minglan, kisha nampa sharti: usiihukumu kabla ya sehemu ya kumi. Wengi hukimbia mapema. Ina sehemu zaidi ya 70, na mhusika mkuu, anayeigizwa na Zhao Liying, anaolewa safari ikishafika katikati. Kama unatafuta kutazamana machoni huku maua yakidondoka, zipo nyingine tele.

Hii, iliyoanza kuoneshwa China mwishoni mwa 2018, ni hadithi ya nyumba ya mitara. Sheng Hong, ofisa wa serikali wa zama za watawala wa ukoo wa Song, ana mke mkubwa na masuria, na kila mama anapigania wanawe. Minglan ni binti wa suria asiye na mtetezi, na mama huyo anafariki mapema kabisa akijifungua. Ukitazama juu juu utasema ni ajali ya uzazi. Hebu rudi uangalie sinia za chakula. Lin, suria kipenzi wa baba, alikuwa akimpelekea mwenzake vyakula vya kujenga mwili hadi mtoto akawa mkubwa kupita kiasi tumboni. Uchungu ulipoanza, mkunga hakuonekana. Hakuna kisu wala kelele. Waliokulia kwenye nyumba za wake wenza hawatahitaji maelezo zaidi.

Kuanzia hapo Minglan analelewa na bibi yake, anajifunza kujifanya mjinga na kunyamaza. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya tamthilia hii: maneno yanayosemwa kwa adabu mezani huku kila mtu akijua nani amechomwa.

Upande wa mapenzi, sitawadanganya, una kasoro. Qi Heng, kijana mpole anayeigizwa na Zhu Yilong, anampenda kweli, lakini mama yake, mwenye cheo cha kifalme, hataki kabisa kusikia habari ya binti wa suria. Gu Tingye, anayeigizwa na Feng Shaofeng, anampata kwa hila: anapeleka posa kana kwamba anamtaka dada mwingine, kumbe ameshapiga hesabu zake. Waandishi wanataka tucheke na kumpongeza. Mimi ilinikera, maana msichana aliyejilinda miaka yote anageuziwa maisha bila kuulizwa. Nafuu ni kwamba baada ya harusi wanazungumza kama watu wazima, na mume anamwachia mkewe madaraka ya nyumba kwa dhati.

Manniang, hawara wa zamani wa Gu Tingye, ndiye anayenichosha. Wabaya wengine wote wana sababu unazoweza kuzielewa. Yeye anarudi tena na tena kulia na kuzua balaa, kana kwamba mwandishi ameishiwa. Mimi huzisogeza mbele sehemu zake bila huruma.

Kuhusu kutazama kwenyewe: andika majina kwenye karatasi, kwa sababu mtu mmoja huitwa kwa jina lake, kwa namba yake ya kuzaliwa, na kwa cheo cha mumewe. Usitazame simuni mchana juani. Matukio mengi ya usiku yana mwanga wa mishumaa tu, na utabaki kusoma maandishi ya chini bila kuona nyuso, ilhali nusu ya uigizaji wa Zhao Liying iko machoni.

Vumilia angalau mpaka bibi anapolishwa sumu. Minglan anafunga malango ya nyumba ya baba yake, hatoki mtu, na ule upole wote unakwisha. Baada ya hapo hadithi inakimbilia ikulu na njama za kumpindua mfalme, na mambo yanafungwa haraka haraka. Ukiwa na bando kidogo, ruka hadi sehemu ya mwisho.