Agapao na fileo: kweli Petro alimkwepa Yesu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Jumamosi nafundisha vijana Yohana 21. Kwenye app nikibonyeza "wanipenda" ya Yesu, mara mbili za kwanza, inatokea namba G25, agapao, nikibonyeza "nakupenda" ya Petro inatokea G5368, fileo. Mtumishi mmoja mtandaoni anasema agapao ni upendo wa Mungu usio na masharti na fileo ni wa kishkaji tu, kwahiyo Petro alikuwa anakwepa, na Biblia ya Kiswahili imetuficha kwa kuandika "penda" kote. Ni kweli?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Biblia yako haijakuficha kitu. Nafundisha Kigiriki chuo cha theolojia na hakuna muhula unaopita bila mtu kuniletea haya maghorofa ya upendo, agapao juu kabisa, fileo katikati, eros, ile ya tamaa ya mwili, huko chini gizani, kusema kweli nimechoka.

Chukua hiyohiyo agapao uipeleke kwingine uone inavyokuumbua. Dema alimwacha Paulo akiupenda ulimwengu huu wa sasa (2 Timotheo 4:10), hiyo ni agapao. Watu walipenda giza kuliko nuru (Yohana 3:19), agapao tena. Mafarisayo kupenda viti vya mbele, Luka 11:43 kaandika agapao, Mathayo 23:6 kaandika fileo, na viti ni vilevile. Halafu fungua 2 Samweli 13 kwenye ile tafsiri ya Kigiriki ya Wayahudi wa kabla ya Kristo, Amnoni aliyembaka dada yake Tamari, kitenzi alichopewa ni agapao. Huyo naye alikuwa na upendo usio na masharti? Na Baba anampenda Mwana kwa agapao Yohana 3:35, kwa fileo Yohana 5:20, kitabu kimoja, sasa mwambie huyo mtumishi akueleze Baba na Mwana ni washkaji kwa namna gani.

Maana zenyewe ni za kawaida tu. Kwa Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, agapao ni kumlaki mtu kwa furaha, Penelope anamwomba mumewe Odysseus asikasirike kwamba alipomwona mara ya kwanza hakumlaki hivyo. Kwa waandishi wa Athens waliofuata mara nyingi ni kuridhika, kama mtu anavyosema "hata hiki nashukuru". Fileo ni kupenda, ni kubusu pia (Yuda aliposema "nitakayembusu, huyo ndiye" ni fileo), tena ni mazoea, wale wanafiki wanaopenda kusali wamesimama njiani ili waonekane, sawa na sisi tukisema fulani anapenda kuchelewa, hapo hakuna moyo wala nini, ni tabia yake. Taratibu fileo ikaegemea kwenye busu na agapao ikabaki ndo kupenda kwa kila siku, mpaka leo kijana wa Athens akimtongoza mtu anamwambia s'agapo, na filo ni nabusu.

Wapo wasomi wanaoona tofauti pale Yohana 21, nawaheshimu, ila wanabishana kwa kusoma kifungu chote. Soma na wewe. Yohana anabadilisha maneno kila mahali hapo, wana-kondoo halafu kondoo, lisha halafu chunga, hata "wajua" ya Petro mstari wa 17 ni vitenzi viwili tofauti, mbona hatujapewa semina ya ngazi za kondoo? Na Petro alihuzunika kwa sababu aliulizwa mara ya TATU, mwandishi mwenyewe anahesabu ni swali lilelile.

Kinachoniudhi zaidi ni hizo namba. James Strong alizitoa 1890 kama faharasa, zikuonyeshe nyuma ya neno la Kiingereza kuna neno gani, basi. Ni kama namba ya simu, unajua nani anapiga, hujajua atasema nini. Mtu anabonyeza namba, anachukua maana moja, anaibeba mpaka kwenye kila mstari, anaita siri ya Kigiriki na ukichelewa unauziwa semina. Hebu Mgiriki atufanyie hivyo sisi, asikie nyimbo zetu, aandike kwamba mapenzi ni mambo ya chumbani na upendo ndo wa kanisani, halafu afike kwenye "mapenzi yako yatimizwe". Ni wale wale wanaotufundisha dunamis, neno la Kigiriki la "nguvu", ni baruti, dinamiti, kitu alichokipa jina Nobel 1867, Paulo angekijulia wapi? Ukisikia mtu anaanza na "kwenye Kigiriki cha asili" muulize neno hilohilo limetumikaje sehemu nyingine tatu. Akikuambia huna ufunuo, funga simu.

Kwa Jumamosi, kama lazima utoe Kigiriki mbele ya vijana, toa anthrakia. Ni moto wa makaa, na Agano Jipya zima neno hilo liko mara mbili tu, Yohana 18:18 Petro akiota moto uani huku anamkana Yesu, na 21:9 ufukweni, Yesu kawasha, samaki juu yake, dakika chache kabla ya kumuuliza yale maswali matatu. Hiyo haihitaji app, fungua Biblia yako ya Kiswahili, utaukuta moto wa makaa.