Shangazi, nimempiga mwanangu kwa sababu ya karatasi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine mwaka mmoja na nusu. Tulihamia Dodoma kutoka Tanga baada ya mume wangu kupangiwa kazi Mtumba, na hapa Nkuhungu sina ndugu. Miezi mitano iliyopita niliona kwenye simu sanaa ya kuviringisha vipande vyembamba vya karatasi, iitwayo kwilingi. Nilijaribu kwa kijiti cha meno, na tangu siku hiyo hao konokono wa karatasi ndio wanaonituliza. Mume wangu anauliza wana faida gani, nami hukesha nao hadi saa saba usiku. Wiki iliyopita mwanangu mkubwa alichana kadi niliyokaribia kuimaliza, nikamchapa kofi. Je, niache?*
*Mama wa Nkuhungu*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ndefu, ambayo hapo juu nimeifupisha, umeijaza habari za mume wako, na lile kofi umelitaja kwa sentensi moja tu karibu na mwisho, nami naamini ndilo lililokufanya ushike kalamu.

Usiache. Ila hutaweza kuendelea kwa namna unavyofanya sasa, kwa sababu anayelala saa saba usiku na kuamshwa na mtoto saa kumi na moja alfajiri amelala saa nne tu, na mwenye usingizi wa saa nne hahitaji kuchaniwa kadi ili apandishe hasira. Hata kikombe cha maji kikimwagika kinatosha.

Sanaa uliyoichagua ina uzuri mmoja ambao ufumaji hauna, nao ni kwamba inakubali kukatizwa. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nafuma vitambaa vya makochi, na siku moja mwanangu wa pili aliushika uzi akakimbia nao hadi uani, akanifumulia kazi ya majuma mawili huku akicheka. Wewe konokono wako mmoja huchukua dakika moja au mbili, na akishabanwa kwa tone la gundi amekwisha; unaweza kumweka kwenye kopo ukaenda kukoroga uji, ukirudi utamkuta vilevile. Kwa hiyo igawe kazi. Mchana, mdogo akiwa amelala, viringisha tu na kujaza kopo. Kupanga na kubandika, ambako ndiko kunakotaka utulivu kwa kuwa picha huharibika ikisogezwa kabla gundi haijakauka, kufanye usiku, na saa nne na nusu uzime taa hata kama ua limebaki na jani moja.

Fanya kazi hiyo juu ya sinia lenye kingo, lile la kuchagulia mchele, wala si juu ya meza. Mlango ukigongwa au mtoto akilia, unanyanyua sinia zima na kuliweka juu ya kabati kwa mkono mmoja, pamoja na wembe, gundi na vile vijiti vya meno, maana mtoto wa mwaka mmoja na nusu kila akiokotacho hukipeleka kinywani, na konokono mmoja aliyebanwa vizuri anatosha kumpalia. Zile kingo zitakusaidia pia kwa upepo wetu wa Juni hadi Agosti, ambao nadhani umekwisha kukutawanyia vipande hadi kwa jirani.

Kuhusu faida, nakusihi usimjibu mume wako kwa shilingi. Najua wapo watakaokushauri umwahidi kwamba utauza kadi, lakini siku utakapoahidi hivyo utakuwa umejiongezea kibarua, na kile kilichokuwa kinakutuliza kitaanza kukudai. Mweleze gharama yenyewe: karatasi moja ya A4 ina upana wa milimita 210, ukiikata kwa urefu katika vipande vya milimita 5 unapata vipande 42. Akisema ni mchezo wa watoto, mwambie kwamba karne nyingi zilizopita watawa wa Ulaya walipambia vitu vya kanisani kwa sanaa hiyohiyo, na kwamba jina lake linatokana na unyoya wa ndege uliotumika kuviringishia. Nawe umetoka Tanga, umewaona bibi wakisuka ukili. Mkeka usio na rangi nao hulaliwa, lakini walitia ukindu rangi kabla ya kuusuka, tena kwa kuuchemsha, na sijasikia mzee yeyote aliyeuliza rangi ile ina faida gani. Kisha umwombe jambo moja lililo wazi, kwa mfano awachukue watoto saa moja kila Jumamosi jioni. Huenda anachouliza kweli si habari ya karatasi, ni kwa nini mkewe haji kulala.

Sasa mtoto. Mwombe radhi, leo, kwa maneno mepesi: mama alikosea kukupiga. Usimwambie kwamba naye alikosea, kwani kadi iliachwa mahali anapofika, na mtoto wa miaka minne akiona kitu kizuri hukigusa. Baada ya hapo mkatie vipande vyake vya manila, vipana kama kidole chako, umpe penseli aviringishie. Vitalegea na kufumuka, gundi itaenda kwenye nywele. Muache, na usimrekebishie.

Ile kadi iliyochanika usiitupe. Kama gundi ilikuwa chache, konokono wazima hubanduka ukipitisha wembe taratibu chini yao, nao, hasa kama una wa rangi ya zambarau, watatosha kishada kimoja cha zabibu.