Kengele ya Mlangoni Ina Jina Lako?

SWALI: Mhariri, salaam. Nimetoka Tanga na kuolewa kijijini Umbria, Italia. Nimeomba kuandikishwa ukazi kwenye manispaa, nami nangoja tu. Nikishuka dukani mchana nakuta pamefungwa, na majirani hawajanizoea. Nifanyeje?
Msomaji, Umbria

JIBU: Dada yetu, pole kwa ugeni. Baada ya kupokea maombi, manispaa humtuma askari wake kuhakikisha kwamba kweli unaishi hapo, na ukaguzi huo una muda wa siku 45. Basi bandika jina lako la ukoo kando ya la mumeo, kwenye kengele na kwenye sanduku la barua, kwa kuwa Italia mke hubaki na jina la kwao katika hati zote, na askari asiyeliona jina anaweza kuandika kwamba hukupatikana. Ukishaandikishwa, leseni yako ya Tanzania itakufaa kwa mwaka 1 tu. Baadaye itakubidi ufanye mtihani upya, tena kwa Kiitalia, kwa hiyo anza kusoma sasa.

Maduka ya vijijini hufungwa yapata saa saba na kufunguliwa alasiri, kwa hiyo nenda asubuhi. Uingiapo, sema "buongiorno" (salamu ya mchana kutwa) kwa wote waliomo, si kwa muuzaji peke yake (hapo wazee wa Tanga wangekuelewa). Jirani akikuletea mayai au maboga machanga, usirudishe chombo kitupu: tia hata mahamri mawili.